Mlango wa Nyuma wa Chumba cha Pasi

Vuteni viti mje karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena kule mlangoni, na wewe kitindamimba zima hiyo simu, hakuna mteja atakayekufa kwa kukosa shati lake asubuhi moja. Binti yangu, niinulie mto kidogo. Hapo, basi, usinikunje kama foronya. Maneno ninayo mengi na pumzi ninayo kidogo, kwa hiyo nikinyamaza katikati msidhani nimemaliza, ngojeni tu, nitakuwa natafuta hewa. Na wewe mwanangu wa kwanza, usisimame pale kama mtu anayesubiri gari. Kaa. Maneno ya leo mengi ni yako.

Nyote mnajua kitanda hiki kimeegemea ukuta gani. Upande wa pili ni chumba cha pasi. Baba yenu, Mungu amrehemu, alinung'unika miaka yote kwamba tunalala na kiwanda chetu cha kufulia kama vile ni mtoto mchanga, nami nilikataa kuhama, nikamwambia nataka kuwasikia watu wangu wakianza kazi. Tangu miguu iliponigomea, ukuta huu ndio umekuwa macho yangu. Nalisikia toroli la nguo chafu likiingia, lile lenye gurudumu linalolia, ambalo kila siku kuna mtu anaahidi kulitia mafuta. Nazisikia mashine zikijaa maji. Nawasikia wanawake wakisemana kuhusu waume zao, mambo ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wanangu wa kiume. Na kabla ya hayo yote, kila siku ya kazi tangu tufungue, nilikuwa nausikia mlango wa nyuma. Anayefika wa kwanza anaingia kwa mbele, anakatiza chumba cha pasi, anausukuma ule mlango wa chuma kwa nyonga, anatoka nje, anafuata uchochoro, anapita chini ya dirisha hili, anarudi tena mbele. Wageni wa kazi huwa wanacheka. "Huyu mama vipi, anatuzungusha nyumba kama tumepoteza kitu?" Na wenyeji wanawajibu, "Zunguka tu, dada, ukimaliza utapewa chai." Mimi hapa nikizisikia nyayo zikipita chini ya dirisha, nilijua mlango unafunguka, na siku inaweza kuanza.

Siku hizi sizisikii. Nasikia mnyororo.

Mwanzoni nilidhani ni masikio yameanza kufuata miguu. Nikamwuliza binti yangu, akainama kuangalia vidole vyake. Nikamwuliza kitindamimba, akanianzishia hadithi ndefu ya tairi la gari la kusambazia nguo. Ndipo nikakuita wewe, mwanangu, na hukunificha, nakushukuru kwa hilo. Ulisema, "Mama, shuka za hoteli zinatembea. Meneja wao amenikalisha chini kama mwanafunzi mtoro, ameniambia zikipungua tena wanahamia kwa dobi mwingine. Nimefunga nyuma kwa mnyororo. Wote watatokea mbele, na wakitoka wanakaguliwa." Nikakuambia mlango ule haufungwi. Ukatabasamu, kwa upole, kama tunavyowatabasamia wagonjwa, ukasema, "Mama, mimi nimekuwa msimamizi wa ghala ng'ambo, nimeyaona. Duniani kote kazi ndivyo inavyoendeshwa."

Duniani kote. Kwa ajili ya maneno hayo mawili nimewaita leo badala ya kungoja Jumapili, maana Jumapili siiamini tena.

Nisikilizeni basi. Nimefua nguo za watu katika nchi tatu ambazo si yangu, kabla yeyote kati yenu hajaota jino, na niliwapa hadithi zake nusu nusu, ile nusu ya kuchekesha. Leo chukueni na iliyobaki.

Nchi ya kwanza nilipelekwa na mjomba wenu, ndugu yangu wa tumbo moja. Aliniambia ni hoteli, nitatandika vitanda na kuuangalia mji kutoka ghorofani. Nilikuta chumba chini ya ardhi, chini ya jengo la maduka, mabomba ya maji moto yanapita juu ya vichwa, taa nyeupe haizimwi, ukitoka hujui kama kunakucha au kunakuchwa. Tulikuwa wanawake wa kila aina ya lugha, na lugha pekee tuliyoshirikiana ilikuwa ya nguo: kola, pindo, doa, haraka. Mwenye kazi tulimwita Bwana Funguo, kwa kuwa alizining'iniza kiunoni zikawa zinalia kila akipiga hatua. Hakuwa mtu wa matusi. Alituletea peremende, alijua nani anaumwa jino. Lakini tukishaingia asubuhi alifunga mlango kwa nje, maana mashati ya wateja yalikuwa yanapotea, na jioni akifungua alihesabu mashati. Sisi hakutuhesabu. Alijua tumo.

Nilikuwa na rafiki pale. Jina lake halisi lilikuwa refu, lilitushinda wote, tukamwita Chekacheka. Alikuwa anajifunga vijiko kiunoni, anamwiga Bwana Funguo anavyotembea kati ya meza, tumbo mbele, mpaka tunashika mbavu na kusahau pasi juu ya kitambaa. Nilimfundisha maneno mawili matatu ya kwetu, akachagua moja la kunitania nalo kila akiniona nimenuna: "Jikaze kisabuni, dada!" Mlikuwa mkinisikia nikiwaambia hivyo mkianguka, mkadhani ni langu. Ni lake.

Siku hiyo ilikuwa mchana wa kawaida. Bwana Funguo alinituma juu na mashati ya mteja mwenye haraka. Akanifungulia, akafunga, akaenda kula. Mnajua wenyewe vumbi la pamba linavyojaa nyuma ya mashine ya kukaushia msipolifagia. Pale halikuwa linafagiwa. Niliporudi, moshi ulikuwa unatoka chini ya mlango, na ndani walikuwa wanagonga. Mwanzoni waligonga ovyo, kila mtu na kifo chake. Halafu wakaanza kugonga pamoja, kwa mpigo mmoja, nikajua Chekacheka amewapanga, ili huko nje wajue ni watu na si mabomba. Niliokota tofali nikaipiga ile kufuli. Kidole hiki kilichopinda, mlichokuwa mkiniuliza mkiwa wadogo nikawaambia kimeumwa na mashine, kilivunjikia pale, kati ya tofali na kufuli. Kufuli haikupata hata mkwaruzo. Watu wa madukani walikuja, mmoja akaleta ndoo, mwingine nyundo, na Bwana Funguo alikuja anakimbia, chakula bado kimo mdomoni, na mikono ilivyomtetemeka hakuweza kuuchagua ufunguo katika zile funguo zake zote. Alijaribu huu, akajaribu ule. Kugonga kulikuwa kumekwisha.

Nipe maji, binti yangu. Kidogo. Usinimwagie.

Alilia yule bwana, mwanangu. Alikaa chini barabarani akalia kama mtoto, na mimi machozi yake nayaamini mpaka leo. Sikusimulii habari ya mtu katili. Nakusimulia habari ya mtu aliyeogopa mashati yatapotea.

Nchi ya pili niliifikia nikiwa siwezi kulala chumba kikifungwa. Nikapata kazi hotelini, na ukiilinganisha na ile ya kwanza ilikuwa kama ndoto: madirisha, mlango wazi, redio inaimba, na msimamizi mwanamke mnene mwenye sauti ya asali tuliyemwita Mama Sukari. Siku ya kwanza alinikumbatia. "Hapa hatuna bosi na mfanyakazi," akasema, "hapa sisi ni familia." Kila mtu alikatiwa keki siku yake ya kuzaliwa. Na kwa kuwa mwanafamilia haangalii saa, tulibaki jioni baada ya jioni, na hakuna aliyetuamuru kubaki. Alikuwa anasikitika tu kwa uso, na uso ule ulikuwa mzito kuliko amri. Alitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nasi tukang'aa.

Kulikuwa na mwenzangu mpiga pasi, mjamzito, miguu imemvimba mpaka viatu alivaa vya mumewe. Akaomba stuli. Mama Sukari akasema atalifikiria, na akalifikiria siku nyingi. Halafu siku moja akamwita mbele yetu, akamshika mikono yote miwili, machozi yanamlengalenga, akasema, "Mpenzi wangu, mwili wako unahitaji kupumzika, nasi tunakupenda mno kukuona unateseka." Tukamkatia keki. Tukapiga makofi. Mwenzetu alikuwa ameshafika kituo cha basi na kipande chake cha keki kwenye karatasi ndipo akaelewa kwamba amefukuzwa, akarudi mlangoni kuuliza, "Samahani, mlimaanisha nisije tena?" Unacheka, kitindamimba. Na sisi tulicheka. Familia gani hiyo inayomtoa mtoto nje kwa sababu ameomba kiti? Kwa Bwana Funguo nilijua niko kifungoni. Kwa Mama Sukari nilikuwa nashukuru.

Nchi ya tatu ilikuwa ya baridi, na kazi ilikuwa hospitalini, kufua nguo za wagonjwa na za chumba cha upasuaji. Huko kila kitu kilikuwa kimeandikwa ukutani: saa ya kupumzika, uzito wa kuinua, glavu za kuvaa. Msimamizi wetu alikuwa mwembamba, mkavu, tukimwita Bwana Kanuni. Hakunipa peremende wala hakunikumbatia. Hakuniuliza natoka wapi, wala aliyefanya kazi mezani pamoja nami miaka yote hakuniuliza. Bibi yenu alipofariki, nilipewa ruhusa siku ileile, kwa mujibu wa kanuni, na hakuna kinywa kilichosema pole. Nililia peke yangu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mlango una alama ya kukataza sigara. Mtu wa kwanza kunisalimia katika jengo lile, salamu ya kweli ya kungojea jibu, alikuwa msukuma vitanda vya wagonjwa. Nikamwoa. Msicheke, mimi ndiye niliyemwoa. Yeye hata kuuliza aliogopa.

Lakini hebu nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipotaka kufika. Chumba kile cha kufulia kilikuwa na mlango wa nyuma wenye chuma kilicholala katikati, ukikiegemea tu unafunguka kwenda nje. Haukuwa na ufunguo kwa ndani. Huwezi kuufunga hata ukitaka. Siku moja kengele ikalia, Bwana Kanuni akasema, "Nje," na wote wakaacha kila kitu, shuka zikabaki zimening'inia nusu mashineni, tukatoka kwa mlango ule tukasimama kwenye baridi. Hakukuwa na moto. Walikuwa wanajaribu tu. Akapita mbele yetu akituhesabu. Mimi nilianza kutetemeka, akadhani ni baridi, akaniambia jaribio litaisha sasa hivi. Nitamwambia nini? Kwamba miaka yote zilihesabiwa nguo ninazoweza kuondoka nazo, na huyu, asiyenipenda wala kunichukia, ananihesabu ajue kama nimetoka?

Baada ya siku ile nikaanza kupanga kurudi nyumbani.

Tulipojenga hapa, nilimwita fundi wa kuchomelea, yule marehemu mwenye kiguu, nikamchorea mlango ule chini kwenye mchanga kwa kijiti. Akasimama akakuna kichwa. "Mama, mlango usiofungwa kwa ndani? Si uwaandikie wezi barua ya mwaliko kabisa?" Nikamwambia kwa nje hautafunguka, kwa ndani utafunguka kwa nyonga, kwa kuwa mpiga pasi siku zote mikono imejaa. Akautengeneza, ukawa mzito, unakwaruza sakafu, na mnausikia hata mkiwa jikoni. Na ule utaratibu wa kuzunguka asubuhi niliuweka mimi, kwa sababu sikuwa na kengele, na kwa sababu mlango usiotumika unashika kutu, na siku ya siku hautakujua.

Sikuambii kiwanda chetu ni peponi. Pana joto, mgongo unauma, na mimi mwenyewe mdomo wangu una makali, waulize watakuambia. Nimemkaripia mtu kwa ajili ya doa la chai mpaka akalia. Ila aliyeomba stuli nilimpa, na aliyefiwa nilikwenda kukaa naye, na hakuna aliyefungiwa.

Sasa ya kugawana, nayasema mbele yenu wote ili asije mtu akasema nilimnong'oneza mwingine. Nyumba ni ya watu watatu na haina mkubwa. Atakayekwama na maisha atapata chumba, na wenzake wasimhesabie vijiko. Cherehani na chumba cha kushonea shuka zilizochanika ni vya binti yangu, na asije mtu akamwambia huo ni ushonaji wa bure wa ndugu. Gari ni la kitindamimba, pamoja na tairi lake na hadithi zake. Kiwanda ni chako wewe mkubwa, kwa kuwa unakijua na unakipenda, nimekuona ukifagia vumbi la pamba mwenyewe. Lakini kiwanda kinakuja na mlango wake. Ukiona huwezi kukiendesha mlango ukiwa wazi, basi uza mashine, mgawane, wafanyakazi uwaage vizuri, nawe utafute kazi nyingine. Sitakulaani. Nitajua tu kwamba umeogopa, na mwenye hofu asiachiwe watu.

Na shuka. Pengine kweli wanaiba, mimi si malaika niwatetee wote. Kagua mikoba pale mbele, wote, na wako uwe wa kwanza. Ukimkamata mwizi mwondoe. Fungua kabati hili hapa, chukua shuka zangu zote nilizokuwa nikiziwekea wageni ambao hawakuja, uwapelekee hoteli. Na bado wakihama, wahame, tutafua nguo za shule. Shuka umezitafutia ulinzi, mwanangu, na ndani ya chumba chenye moto na mvuke umewaacha watu kumi na kufuli. Leo asubuhi nilimsikia yule dada mpya akiusukuma mlango, kwa mazoea. Akausukuma mara ya pili. Halafu akagonga, kwa mzaha tu, wenzake wakaangua kicheko. Wao walicheka. Mimi niliuma shuka hii kwa meno.

Mjomba wenu atakuja kwenye maziko. Mpeni kiti, mpeni chakula, ila asipewe nafasi ya kuzungumza. Akitaka kuniomba msamaha, akauombe kule chini ya jengo la maduka, mimi si wa kwanza katika foleni ya kuombwa. Na mimi msininunulie shuka mpya. Ile nyeupe yenye kiraka, binti yangu, ipige pasi, anza na pindo, ukimaliza geuza...

Ngojeni. Ngojeni kidogo.

Naona mkono wako umo mfukoni, mwanangu. Najua kilichomo, nausikia ukikigeuzageuza tangu nianze kusema. Usinijibu. Usiniahidi, ahadi sitaweza kuifuatilia. Simama uende sasa hivi. Uvue huo mnyororo mbele yao wote, usukume mlango kwa nyonga yako mwenyewe, utoke, uzunguke uchochoroni, upite hapa chini ya dirisha. Ukifika, gonga. Mimi nimengoja mtu anigongee kutoka nje tangu nikiwa msichana. Nenda, mwanangu. Jikaze kisabuni.

Amekwenda?

Nipeni mikono basi nyie wawili. Yako baridi, kitindamimba, umekula kweli leo? Mungu awape kazi isiyowavunja, na mkiwa juu ya watu awape masikio. Awape mapatano. Ndugu yenu msimsimange kwa hili, hata kwa mzaha, hata mkikasirika. Alikuwa analinda jina letu. Alishika tu... alishika mahali pabaya.

Kama atagonga na mimi nimenyamaza, msimwambie nimekwisha kabla. Mwambieni nilisikia. Hautakuwa uongo, kwa sababu...

Sss. Mashine wamezizima. Mbona kimya? Wanamwangalia.

Huo. Umeusikia, binti yangu? Mnyororo umeanguka chini, mzima mzima. Na sasa mlango, unakwaruza, sikia unavyokwaruza, huyo fundi, nilimwambia aupunguze chini... Na si yeye peke yake. Sikilizeni nyayo. Wametoka wote nyuma yake. Wahesabu, kitindamimba, mimi macho... wahesabu wakipita.

Fungua dirisha, binti yangu. Fungua, asije akakivunja kioo, mkono wake mzito yule.